Gari la Sinki Lilizaliwa Siku Gani?

Benchi la Bu Ngatemi lina miguu mitano, na wa tano ni tofali, lililoongezwa mwaka ule Profesa aliponenepa. Liko kwenye kona ya barabara ya Campurdarat, chini ya bati la kibanda cha kahawa, likitazamana na karakana ya matairi ya Breki ng'ambo ya mtaro. Breki ana miaka ishirini na tatu. Shule aliiaga kidato cha pili kwa hiari yake, na walimu hawakumbembeleza abaki. Jina la Breki alipewa kwa sababu mdomo wake hauna. Alasiri ile ilikuwa ya mwezi wa Ruwah, mwezi wa kwenda kufagia makaburi ya wazee kabla ya mfungo, na mvua ilikuwa imefukuza wateja wote. Kwa hiyo Breki alikuwa kwenye ajira yake ya pili: benchini, kijiti cha kiberiti mkononi, anapaka sigara yake mashapo ya kahawa, maua kwa majani, kama anamchora hina bibi harusi. Ndipo Mujiono akaja mbio, karatasi kaificha kifuani isilowe. Huyu anachonga masinki ya marumaru, na benchi zima linamwita Sinki.

— Jamani, nisaidieni, akasema Sinki hata kabla hajakaa. Gari huzaliwa lini?

Breki alicheka mpaka ua la tatu likaharibika.

— We Sinki, vumbi la mawe limekufika ubongoni. Gari linazaliwa? Lina kitovu?

— Usinicheke, Breki. Saa kumi duka la magari linafungwa, na sasa ni saa tisa na dakika kumi. Kuna mtu wa Blitar analitaka gari hilohilo.

Bu Ngatemi akamwekea kahawa. Sinki akaeleza huku maji yakimchuruzika puani. Gari lenyewe ni jipya, la viti saba, rangi ya kijivu. Ila ni la mwaka jana. Halikununuliwa, mwaka ukageuka, mengine yakaja yenye taa za kisasa, hili likabaki kona ya nyuma, sasa wamelipunguza bei. Na Sinki hakulitaka la kuringia. Mama yake, Mbok Jami, hajaonana na dada yake wa Pacitan miaka kumi na mmoja. Basi linamtapisha. Gari la jirani alilikataa, eti linanuka mbuzi. Kila Ruwah ikifika anakaa mlangoni anasema: laiti tungekuwa na gari.

— Nimechonga masinki miaka sita kwa ajili ya hiyo "laiti", akasema Sinki. Jana nikamwambia, Mama, gari limepatikana. Akasema, sawa, niletee kwanza siku yake ya kuzaliwa. Ikigombana na yangu, simo.

Hapo Mbah Kerto, aliyekuwa amesinzia mwisho wa benchi, akaamka. Mzee huyu huitwa Kalenda, kwa sababu haendi hata chooni bila kile kitabu chake cha siku, ambacho jalada lake lilikufa zamani.

— Mama yako ana akili kuliko ukoo wako wote, akasema. Nipe siku ya juma na siku ya soko, katika zile tano za wazee; kila moja ina namba yake. Najumlisha na za mama yako, nagawa kwa tano. Ikibaki moja, neema. Ikibaki nne, maradhi. Isipobaki kitu, andaeni sanda.

— Mama ni Jumatano Pahing.

— Kumi na sita. Sasa la gari.

— Ndilo ninalouliza, Mbah!

Breki akaweka sigara sikioni. Mambo ya magari yakitajwa mbele yake na mtu mwingine akatangulia kujibu, huwa anaumwa.

— Nisikilizeni mimi. Mimi gari nalisoma mgongoni kama daktari. Lete karatasi. Unaona namba hii ndefu? Humu ndani kuna mwaka. Limetengenezwa Aprili, mwaka jana. Basi. Kazi imekwisha.

— Aprili siku gani? akauliza Kalenda.

— Aprili... ya mwaka jana.

— Siku, Mas Breki. Aprili ina siku thelathini.

— Kiwandani hawaandiki siku, Mbah. Wanatoa magari kama vipande vya tempe kikaangoni.

Profesa akakohoa kutoka upande wa tofali. Jina lake ni Pak Sarpin, na alilinda geti la shule miaka thelathini na moja, ndiyo maana anaamini elimu yote ilipita mkononi mwake.

— Kwanza tuelewane. Ni jipya au la zamani?

— Jipya, akasema Sinki.

— La mwaka jana, akasema Breki.

— Yaani jipya la zamani.

— Ndiyo.

— Hicho ni kitu gani? Kuku wa kuchoma mbichi?

— Pak Sarpin, akasema Breki, jipya ni lile ambalo halijaenda popote. Umri hauingii kwa kukaa, unaingia kwa kutembea.

— Basi wewe una miezi minne.

Hata Bu Ngatemi alicheka. Sinki hakucheka, alikuwa anaangalia simu yake. Saa tisa na dakika ishirini na mbili.

— Kuna tarehe nyingine hapa, akasema. Siku lilipofika dukani. Jumamosi.

Kalenda akalamba kidole, akapekua, akachovya kijiti kwenye mashapo na kuandika hesabu juu ya meza.

— Jumamosi Legi. Tisa na tano, kumi na nne. Na za mama, thelathini. Gawa kwa tano...

Akaifuta hesabu kwa kiganja.

— Imebaki ngapi, Mbah?

— Mwanangu, kunywa kahawa kwanza.

— Haikubaki kitu? Sinki akasimama. Haikubaki kitu!

— Kaa chini, akasema Profesa. Kufika dukani si kuzaliwa. Ukimleta mtoto kwa basi, utasema kazaliwa stendi? Mtu anakuwa mtu akipata cheti. Gari linapata cheti polisi wakiliandikisha na kulipatia namba. Hilo halina namba. Maana yake halijazaliwa.

— Halijazaliwa?

— Bado. Unanunua mimba.

— Mimba ya mwaka mzima? akauliza Bu Ngatemi. Hata nyati hafiki huko.

— Kitanda hakizai haramu, akasema Profesa kwa uzito mkubwa, na hakuna aliyeelewa kitanda kimeingiaje.

Breki aliona mjadala unamponyoka. Akatupa turufu.

— Sinki, uliangalia saa yake ya kilomita?

— Arobaini na tatu.

— Haya! Gari jipya, halijazaliwa, limetembea kilomita arobaini na tatu. Na nani? Kwenda wapi? Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Limejitembeza hilo!

— Labda wateja walilijaribu, akasema Sinki kwa sauti ndogo.

— Waliolijaribu wakalirudisha, akasema Profesa. Huyo ni mchumba aliyeachwa. Ulimwuliza kwa nini aliachwa?

— Kitu kikikaa mwaka bila mwenyewe, akasema Kalenda, kinapata mwenyewe. Viti saba, giza, madirisha yamefungwa. Hao waliokaa humo usiwaamshe kwa honi.

— Mbah, usinitishe.

— Sikutishi. Nakwambia upige hodi kabla ya kupanda.

Breki alishika kichwa, akawahurumia kwa ujinga wao, kisha akaleta wake.

— Ninyi wote mmepotea. Tatizo la gari hili ni kwamba lenyewe halijui mwaka umegeuka. Lilizimwa mwaka jana. Ukiliwasha leo, linaendelea pale lilipoishia. Wewe ondoka nalo asubuhi kwenda Pacitan, utafika, sawa. Lakini utafika mwaka jana!

Benchi likacheka mpaka tofali likateleza. Sinki peke yake alibaki anamtazama Breki, macho makavu.

— Ningefika mwaka jana ingekuwa heri, akasema. Mwaka jana mama mkubwa alikuwa anaona kwa macho yote mawili. Sasa limebaki moja, nalo daktari amesema halifiki mbali.

Kicheko kikakatika. Breki akajipapasa sikioni akaishusha ile sigara, akaizungusha, hakuiwasha.

Simu ya Sinki ikalia. Ni Mas Rengga, muuzaji wa lile duka, kijana wa sauti laini kama sabuni. Sinki akabonyeza sauti itoke nje, wote wasikie.

— Pak Mujiono, zimebaki dakika ishirini. Ndiyo au siyo?

— Mas, samahani, gari hilo lilizaliwa siku gani?

Upande wa pili haukushangaa hata kidogo.

— Pak ungependa siku gani?

— Vipi?

— Niambie siku inayompendeza mama, Pak. Naiandika kwenye karatasi ya duka, nagonga muhuri. Wiki iliyopita nimemwandikia mmoja Jumatatu. Kaondoka anaimba.

Benchi lililipuka. Profesa akasema huo ni ushenzi, halafu akauliza kama muhuri ni wa duara. Kalenda alikuwa tayari kalowesha kijiti.

— Ijumaa Pahing! Sita na tisa, kumi na tano. Na za mama, thelathini na moja. Inabaki moja. Neema tupu!

— Umesikia, Sinki? Breki alikuwa keshasimama, anaamuru kama yeye ndiye atakayelipa. Ijumaa Pahing! Mwambie aandike. Mama anafurahi, mama mkubwa anafurahi, gari linapata kitovu. Mficha uchi hazai, kaka!

— Nimdanganye mama?

— Humdanganyi. Unalisaidia gari kukumbuka.

Wakati huohuo Mbak Wiji alikuwa ameingia chini ya bati kukwepa mvua, kikapu cha chupa mgongoni kimefungwa kwa kitambaa. Huyu huuza dawa za mizizi nyumba kwa nyumba, na kila asubuhi huanzia kwa Mbok Jami, anamkorogea ya magoti, wanapiga soga. Alishusha kikapu, akajipangusa uso.

— Ijumaa Pahing ya nini? akauliza.

Walimweleza wote kwa pamoja: gari, Aprili, mimba, kilomita arobaini na tatu, Pacitan, muhuri. Mbak Wiji alisikiliza huku akikamua upindo wa kitambaa.

— Kwani Mbok Jami anataka kwenda Pacitan?

— Swali gani hilo! akasema Breki. Si kila mwaka anasema, laiti tungekuwa na gari?

— Hilo nalijua. Hata kwangu anasema. Nauliza kama anataka kwenda.

Breki akamgeukia Sinki amjibie. Sinki alikuwa anaitazama ile karatasi, midomo inacheza kama mtu anayehesabu kimoyomoyo. Kalenda alifungua kitabu, akakifunga.

— Wale walikosana nini, yeye na dada yake? akauliza Bu Ngatemi polepole.

— Sijui, akasema Sinki. Sikuwahi... Tulipomzika babu kule Pacitan, miaka kumi na mmoja iliyopita, tuliondoka usiku uleule. Nilidhani harudi kule kwa sababu ya basi.

Akaiweka simu juu ya benchi, bado iko hewani. Akatoka. Hakuvaa koti la mvua. Walimwona anawasha pikipiki mara ya kwanza ikakataa, mara ya pili ikakubali, akashika njia ya nyumbani kwao.

— Halo? ikasema simu. Pak? Ijumaa Pahing, niandike?

Hakuna aliyeigusa. Profesa alijifanya anatafuta kijiko. Mwishowe Breki akaichukua, maana kwenye benchi lile Breki ndiye mwenye jibu la kila kitu, na wote walikuwa wanamtazama yeye.

— Mwenyewe katoka, Mas.

— Katoka kwenda wapi? Mtu wa Blitar yuko hapa mbele yangu ameshika kalamu.

— Kaenda kwa mama yake.

— Kumwuliza siku?

Breki akafungua mdomo. Akamwangalia Mbak Wiji, naye alikuwa ameinama anapanga chupa zake, kubwa nyuma, ndogo mbele.

— Siyo siku, akasema Breki.

— Sasa anamwuliza nini, Mas? Nimwambie nini huyu wa Blitar?

Mvua ilizidi. Breki aliendelea kushikilia simu sikioni, na kijana wa dukani akaendelea kusubiri.