Sahani za Kitinda Mimba

Sogeeni wanangu, mkae hapa hapa kitandani, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Wewe kifungua mimba, acha kununa. Najua umesikia kwamba karakana yetu ya breki namwachia mdogo wako, na shangazi yenu keshapita akisema baba amechanganyikiwa. Akili zangu timamu. Nyumba hii ni yako, pamoja na kiwanja cha nyuma. Karakana ni ya binti, na sababu naisema mbele yenu wote wawili ili msije mkagombana juu ya kaburi langu.

Breki, wanangu, kazi yake ni kumeza moto. Pedi zinaibana sahani, lile duara la chuma linalozunguka na gurudumu, huku na huku, mwendo wote wa gari unageuka joto, na joto hilo lisipopata pa kutokea, mafuta ya breki yanachemka, pedali inazama hadi sakafuni na dereva anaita mama yake. Mimi miaka yote nilikuwa naongeza unene wa sahani, basi. Huyu mdogo wako akaiacha sahani wazi katikati, akapanga humo mapezi ya chuma yaliyopinda, gurudumu likizunguka sahani inavuta hewa na kujipoza yenyewe. Lo! Nilipouona mchoro ule nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, lakini hili, wallahi, sikumfundisha mimi.

Gari la kwanza kufungwa sahani hizo lilikuwa la wagonjwa, na wewe, kifungua mimba, ukataka wenyewe wapewe bila kulijaribu kwa kulishusha mlimani, eti hesabu zimekubali. Hesabu zimekubali, sawa, mlima je, umeuliza? Desturi yetu unaijua: aliyechora ndiye anayeshika usukani siku ya kwanza, gari limejaa mawe. Mdogo wako alishuka nalo. Alirudi ananuka pedi zilizoungua, akasema, "Baba, limesimama." Nililia, sifichi.

Msaidie, mwanangu. Chema chajiuza, ndiyo, lakini nacho kinataka mtu wa kukisemea, na mdomo huo unao wewe.

Nipeni maji... Basi. Siku ya kunizika, nipakieni kwenye gari lenye sahani zake, tupite mteremko ule ule. Dereva awe wewe, kifungua mimba. Mdogo wako akae pembeni yako, asikuelekeze. Pale kwenye kona kali usisite... kanyaga breki, mwamini. Mkifika chini, mpe mkono kabla hamjanishusha.

Mungu awape... awape kuelewana. Radhi yangu mnayo... nyote. Sasa niacheni nipumzike.