Matilda wa Kihesa, Aliyesingiziwa Kuloga Perege

Marehemu Matilda alizaliwa Nyololo tarehe 12 Machi 1921, siku ambayo mama yake anaapa mvua ilinyesha kutoka chini kwenda juu. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la pili. Kuhesabu alijifunza, kusahau ubaya hakuna mwalimu aliyemfundisha.

Mwaka 1940 alifunga ndoa na Liberatus wa Kihesa. Hawakujaliwa mtoto wa tumboni, wakamlea Juliana kama binti yao. Mwaka 1951 walichimba bwawa, bwana samaki wa serikali akawapa vifaranga vya perege. Matilda aliwalisha pumba kwa kipimo, na bwawa likajaa.

Liberatus alifariki Agosti 1954. Matanga hayajaanuliwa, wifi yake Evarista alilichukua bwawa, akisema mkono wa mgumba utawafanya samaki nao wagumba. Akawalisha yeye sasa: ugali, karanga, machicha ya pombe, kutwa mara tatu. Perege walinenepa mpaka korongo aliyemeza mmoja alishindwa kuruka, akarudi kwao kwa miguu. Lakini miaka miwili hakuonekana kifaranga hata mmoja. Evarista akatangaza kwamba Matilda ameliloga bwawa, na watu wakaacha kupokea hata maji mkononi mwake.

Pasaka ya 1957, Evarista akiuza samaki nje ya kanisa, Matilda alichukua jike mmoja kapuni, akampasua mbele ya akina mama. Tumbo zima mafuta. Mayai yamesinyaa kama ufuta wa mwaka juzi.

"Wifi, mafuta yamemjaa, mayai hayana pa kukua. Huyu nani kamlisha?"

"Nilijua akishiba ndiyo atazaa," Evarista alijibu chini chini.

"Basi sema hapa kwamba sikuloga."

Evarista alijitwika kapu akaondoka. Tangu hapo, kila alipotuma mtu kuuliza kipimo cha pumba, Matilda alimrudisha na jibu kwamba wachawi hawapimi pumba.

Aliugua mapafu tangu Mei 1958, akafariki hospitalini Iringa tarehe 9 Julai. Wifi alimletea uji. Marehemu akageukia ukutani. Aliacha agizo kwa Juliana: asiyemsafisha jina asimtupie udongo.

Ameacha mama, kaka yake Crispin, na Juliana, anayekijua kile kipimo na amekula kiapo cha kutokisema. Evarista yupo hapa kaburini, keshashika udongo. Aseme kwanza, sote tunasikia.

Matilda apumzike kwa amani. Evarista asubiri.