Nukta, Fundi Aliyepima Vumbi

Wafiwa wenzangu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi viongozi wa kiwanda mliokaa safu ya mbele, mimi ni mdogo wake wa mwisho na familia imeniteua kusoma wasifu wake. Karatasi iliyochapwa mliyogawiwa mlangoni naomba mkunje muweke mfukoni, kwa sababu kiwanda kilijitolea kutuchapia, tukashukuru, kisha ikarudi imeandikwa kwamba dada yangu "aliugua kwa muda mfupi", na miaka minne si muda mfupi. Nitasoma ile tuliyoiandika wenyewe kwa mkono.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa fundi cherehani na muuguzi, akaanza shule ya msingi mwaka 1986, na huko ndiko alikopata jina la Nukta, baada ya kumwambia mwalimu wa hesabu mbele ya darasa zima kwamba amesahau nukta kwenye jibu, akachapwa, na kesho yake mwalimu akaja kuiweka nukta ile bila kumtazama. Alimaliza sekondari mwaka 1996, akasomea elektroniki chuo cha ufundi hadi 1999, kisha akatengeneza redio na televisheni kwenye kibanda cha mjomba wetu, mpaka tarehe 3 Februari 2004 alipoajiriwa kiwanda cha vigae kama fundi wa mitambo ya umeme.

Tarehe 18 Mei 2002 alifunga ndoa na shemeji yetu seremala, wakajaliwa binti mwaka 2003 na mwana mwaka 2008, na nyumba yao ilikuwa ya vicheko, maana shemeji hupima mbao kwa jicho na dada hakuamini jicho la mtu yeyote, hata la mumewe.

Mwaka 2014, baada ya wapiga msasa wawili, wale wanaosugua vigae kwa mashine, kufariki kwa kifua, alitengeneza kwa mikono yake kifaa cha kupima vumbi, chenye kihisi kinachotoa umeme mdogo unaopanda na kushuka kadiri vumbi linavyopanda na kushuka, na chipu inayousoma umeme huo na kuugeuza namba. Programu yake ya kwanza ilisoma, ikaandika kwenye kadi, ikapiga king'ora, ndipo ikasoma tena, naye akagundua kwamba vumbi likizidi chipu inazama kwenye king'ora na kuandika, inachelewa kusoma palepale inapotakiwa kusoma, hivyo akaifuta yote, akaikabidhi saa ya ndani ya chipu kazi ya kusoma, nayo zamu yake ikifika hukatiza shughuli nyingine yoyote, mara kumi kila sekunde, bila kuwahi wala kuchelewa. Nilipomuuliza kwa nini anajitesa hivyo kwa ajili ya sehemu ya sekunde, alinijibu, "Mdogo wangu, mapafu hayangoji mashine imalize kuandika."

King'ora kililia, mashine zikasimamishwa, feni zikanunuliwa, na kwa miaka mitatu watu walipumua. Mwaka 2017 akaja meneja mpya, akamwita ofisini, akamwambia, "Mara kumi kwa sekunde ni kujitafutia ugomvi, soma mara moja kwa saa, inatosha." Basi kifaa kikawekwa kisome kila saa inapogonga, wakati mashine zimesimama kubadilisha vigae, na kazi ya kupuliza mashine kwa upepo wa kompresa, ambayo hujaza ukumbi wa mashine vumbi mtu asimwone jirani yake, ikapangwa kila inapofika nusu saa. Daftari la vipimo likawa safi kama sahani ya mgeni. Dada alimwambia, "Bosi, mwizi anayejua saa ya mlinzi kupita hakamatwi," na jibu alilopata lilikuwa barua ya onyo.

Hakunyamaza, akatengeneza kifaa cha pili kwa vipuri vyake mwenyewe, akakiweka dirishani mwa karakana yake iliyopakana na ukumbi, kikasoma mara kumi kwa sekunde kama cha kwanza, naye alikaa kando yake akivuta vumbi lilelile alilokuwa akilipima. Alianza kukohoa mwaka 2018, na Septemba 2019 daktari aliitazama picha ya kifua chake, akamuuliza, "Mama, umewahi kuchimba mawe?" Mapafu yalikuwa yamekakamaa kwa vumbi la mawe. Aliendelea kwenda kazini kwa sababu watoto walikuwa shuleni, mpaka Januari 2022 aliposhindwa kupanda ngazi za karakana, na akafariki Jumanne tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi, wodi ya wanawake, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne, mimi nikiwa nimemshika mguu kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshikwa na wanawe.

Kadi zote za kifaa kile cha dirishani, za miaka minne, binti yake alizipeleka juzi kwa mkaguzi wa usalama kazini, akapewa risiti yenye muhuri, na jana mkaguzi alipiga simu kuomba majina ya wapiga msasa. Tumempa.

Tunamshukuru daktari aliyekataa kuandika "nimonia" badala ya vumbi kwenye cheti cha kifo, majirani waliobeba mtungi wa oksijeni ghorofa tatu kila lifti ilipogoma, na wafanyakazi wenzake waliokuja leo bila ruhusa wakijua watakatwa mshahara wa siku. Kwa meneja sina shukrani, nina ombi moja tu: mlangoni amesimama mpiga msasa anayekohoa tangu nianze kusoma, hana pa kukaa, na wewe, meneja, umekalia kiti cha wafiwa, naomba umpishe.

Tunasubiri akae.

Ahsante. Dada, kazi uliifanya sawasawa, pumzika kwa amani.