Chupa Zilizorudi Zimejaa

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye dirisha la famasi ya kituo chetu cha afya hapa Kapata, mzee wetu Tata Ngeleka Kabasele anastaafu tarehe 30 Juni. Aliingia akiwa kijana mwembamba wa kubeba makatoni. Anatoka akiwa mtu ambaye hata madaktari humwogopa kidogo, maana mwandiko mbaya huurudisha kwa mwenyewe.

Utani wake tutaukosa. Lakini la kuandikwa hapa ni la mwaka 2017.

Mwaka huo Mama Abigaël alimleta binti yake Jémima, wa miezi kumi na minne, miguu imepinda, hasimami bila kushikwa. Mifupa yake ilikuwa laini kwa kukosa vitamini D. Kwetu watoto wachanga hufungiwa ndani kwa sababu ya vumbi la malori ya madini, jua hawalioni. Ndiyo maana kila mama hupewa chupa ya matone ya vitamini hiyo. Jémima naye alikuwa na yake. Tata Ngeleka akaomba kuiona. Ilikuwa karibu imejaa.

"Mi naogopaka, Tata," mama alisema huku akilia. "Karatasi iko mu Kifaransa, sijue kuisoma. Namupatiaka tone moya, dimanshi tu."

Kipimo kilikuwa matone mawili kila siku, si tone moja la Jumapili.

Mkuu wa kituo wa wakati ule alisema hilo ni kosa la mama mmoja. Tata Ngeleka hakukubali. Jumamosi sita mfululizo alitembea nyumba kwa nyumba akiomba kuonyeshwa chupa. Katika nyumba arobaini na moja, watoto tisa tu walikuwa wakipata kipimo kamili. Jumatatu aliiweka orodha ya nyumba hizo mezani kwa mkuu, akavuta kiti, akakaa mpaka ikasomwa yote.

Tangu hapo kila mama hufundishwa kudondosha matone, kwa Kiswahili cha nyumbani, na siku ya kupima uzito huja na mtoto na chupa. Mwaka jana, kati ya watoto hamsini tuliowafuatilia, arobaini na sita walipata kipimo chao. Jémima alitibiwa, miguu ikanyooka. Siku hizi anaruka kamba shuleni.

Tulimuuliza Tata anataka zawadi gani. "Baisikeli," akajibu. "Lakini haiko yangu, iko ya Mama Rehema." Mama Rehema ndiye anayeshika nafasi yake, na wale watoto wanne waliobaki wanakaa mbali, upande wa Kingamyambo.

Baisikeli imepatikana, na Mama Rehema ameshaanza safari. Tata, asante kwa ukaidi wako. Nenda Tenke kwa wajukuu, ule vizuri, ulale vizuri, Mungu akujalie miaka mingi yenye raha.