Simu ya Kwanza ya Fundi Adelard

Baba Paroko, mwenyekiti wa mtaa, majirani wa Boko, na nyie mliotoka Temeke na Chang'ombe, mie ni Tekla Kisokota, dada wa marehemu, mtoto wa kwanza kwa mama yetu, yeye akiwa wa mwisho. Wengi mmeona kwamba tangu Jumanne nimekaa kwenye kiti pale mlangoni, na nafasi ya wifi, ubavuni kwa mjane mkekani, iko wazi mpaka sasa, mmenong'ona na nimewasikia, wapo hata waliosema mwenye wivu ajinyonge. Sijinyongi, nina kazi ya kusoma wasifu wa marehemu.

Ndugu yetu Adelard alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 Namanyere, mkoani Rukwa, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, na katikati ya masomo hayo, Agosti 1991, mama yetu akafariki, baba alishatangulia zamani. Mie wakati huo nilikuwa karani wa parokia Temeke, nikaenda kumchukua Januari 1994, akamaliza sekondari mwaka 1997, akasomea umeme na simu katika chuo cha ufundi Chang'ombe hadi mwaka 2000, tukiishi chumba kimoja, pazia katikati. Alikuja mtu kunichumbia, mwalimu mzuri tu, nikamwambia asubiri kijana amalize chuo, naye hakusubiri, na sikuona nimepoteza kitu kwa kuwa nilikuwa na Adelard.

Mwezi Mei 2001 aliajiriwa na kampuni moja ya Kinondoni inayofunga simu za maofisini, akawa fundi wa mitambo ile inayogawa simu za ofisi nzima, na ofisi ikiongeza wafanyakazi, yeye ndiye aliyeitwa kuongeza kadi za laini, vile vibao vya umeme vinavyobeba laini za simu, ndani ya mtambo. Mwenzake Mashaka, yule pale mwenye shati la kijivu, atawaambia jinsi alivyofanya, kwamba alivua saa, akashika kwanza chuma cha mtambo kwa kiganja, maana umeme mdogo wa mwilini unaua kadi, akaisukuma kadi kwenye nafasi yake kwa vidole gumba viwili, taratibu kama anayemlaza mtoto, akasubiri taa iwake kijani. Kisha hakufunga mlango wa mtambo mpaka apige simu moja ya nje kuhakikisha laini imeshika, na simu hiyo, kila ofisi, kila kadi, aliipiga kwangu. Simu ya parokia ikilia mchana nilijua, nikawaacha watu na vyeti vyao vya ubatizo, nikapokea, nikamsikia akisema, "Dada, unanipata?" Nilimpata, miaka karibu saba nilimpata, na sijawahi kupewa zawadi nyingine kubwa kuliko ile.

Sasa nafika kwenye ndoa, na hapa mnivumilie. Mwezi Februari 2008 Adelard alitumwa kiwanda kimoja cha magodoro Chang'ombe kuongeza kadi mbili, moja ya simu za ndani na moja ya laini za nje, na kwa haraka ya siku hiyo ile ya nje hakuikandamiza mpaka mwisho, kosa ambalo Mashaka anasema hakulifanya kabla wala baada yake. Mtambo ule ukikosa laini ya nje humrudisha mpigaji kwa opereta, basi mdogo wangu akabonyeza namba yangu, mimi, Tekla, na simu ikapokelewa na Vaileth, opereta wa kiwanda, ambaye hakumwambia amekosea, akamuuliza alikuwa anamtafuta nani. Wakaongea. Mie siku hiyo nilikaa na simu mezani mpaka ofisi ikafungwa.

Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 12 Septemba 2009, wakajaliwa watoto wawili, Demetria mwaka 2010 na Fransis mwaka 2014, wakajenga hapa Boko, na tangu wachumbiane simu ya kwanza ya kila kadi mpya ilikuwa ya Vaileth, ya kwangu ikaja jioni, ikiwa imepoa. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, mie mwenyeji sikupona. Nilimwonea wivu Vaileth kwa chapati zake, kwa shati la Adelard lililopigwa pasi vizuri kuliko nilivyolipiga mie, na siku moja nilimuuliza mdogo wangu waziwazi kwa nini alinikata, naye akaniambia, "Dada, kuongeza kadi hakukati laini za zamani." Nikamjibu kwamba mtambo ni mtambo, mie ni mtu.

Mwezi Juni 2023 figo za Adelard zilianza kushindwa kazi, akawa anasafishwa damu kila wiki, na madaktari walipotafuta wa kumtolea figo nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, nikijisemea moyoni kwamba hapa hakuna opereta wa kuingia katikati, hii ni damu. Vaileth naye akajitolea, wakatupima mie na yeye. Mie niliyezaliwa naye tumbo moja nilikataliwa, akakubaliwa Vaileth, mtoto wa watu, na ndugu zangu, katika yote niliyomwonea wivu hakuna lililonichoma kama lile, nililia kwenye korido wakadhani namlilia mgonjwa. Siku ya upasuaji ilikuwa imeshapangwa, lakini moyo wa Adelard haukuifikia, akafariki Jumanne tarehe 4 Februari 2025 saa nne asubuhi, Vaileth amemshika mkono wa kulia na mie wa kushoto.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia muda wote huo, majirani wa Boko kwa maturubai, masufuria na kuni, na wafanyakazi wenzake wakiongozwa na Mashaka, ambaye ofisi ilitaka yeye ndiye asome hapa, kwa kuwa ana sauti na anaijua kazi. Wazee wa ukoo walishakubali, ila Vaileth alikataa, akasema, "Asome wifi, mie Adelard nimemkuta ameshalelewa." Basi nimesoma, na sitawaficha, hata hili nimelionea wivu, kwamba nafasi ya kumsoma mdogo wangu niliyemlea ni Vaileth aliyekuwa na haki ya kunipa, na akanipa, wakati mie kwa nafasi yake nisingempa.

Pumzika, Adelard, mtoto wa mama yangu, Mungu akulaze mahali pa amani. Nawe Vaileth, wifi yangu, sogea kidogo hapo mkekani, nakuja kukaa, na wivu wangu nakuja nao.