Aliyeitikia Jina la Zebedayo

Kijiwe cha Mselem kilikuwa Chumbageni, ukutani mwa duka la Esmail: benchi moja la mvule na dele la kahawa juu ya makaa. Mselem ndiye aliyemimina kahawa, na kwa kuwa hanyamazi walimwita Redio. Ernesti, karani wa ghala, aliitwa Ajenda tangu ajiunge na chama. Rafiki yake Zebedayo, mkata mkonge wa shamba moja upande wa Muheza, aliitwa Simimi, maana kila akitakiwa jambo hujibu, "Si mimi." Wawili hao walikulia pamoja Usambaa, wakabatizwa siku moja. Jumapili ile ya mwaka 1957 walitoka ibadani pamoja, na kufika saa sita mchana barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, hapiti hata mbuzi. Ernesti alikuwa ameapa kwamba lori la shamba halitamrudisha Zebedayo kabla hajaingia chama.

— Ndugu yangu, twende Usagara kwenye mkutano, usimame tu. Msemaji akiita "Uhuru!" unaitikia. Kisha unataja jina, unapewa kadi. Basi.

— Hapo pa kuitikia ndipo nisipopataka, — alisema Zebedayo.

— Unamwogopa Mzungu?

— Mzungu namwona. Katika umati ule, anayeita simwoni.

Redio alicheka hadi kahawa ikamwagika.

— Simimi bwana! Mkeo akikuita toka jikoni unatoka kwanza kumtazama?

— Cheka tu. Kaka yangu Noa aliitwa kutoka kati ya mistari ya mkonge, mchana kama huu. Mama alitufundisha, sauti usiyoijua usiiambie "naam." Noa akasema "naam," akaenda. Hajarudi.

— Noa alitoroka kazi, — alisema Ernesti. — Na ndiyo hoja yangu. Watu wanatoroka kwa sababu ya mateso ya mashamba yale. Chama kinasema...

— Kama alitoroka, anayeitikia ni nani? Nyapara hajamfuta daftarini. Kila asubuhi anaita "Noa!" na nyuma yetu mtu anasema "naam."

— Mwizi wa posho huyo, — alisema Redio.

— Nimegeuka, Redio. Hakuna mtu.

— Basi ni mkonge wenyewe! Mkonge si kamba? Na simu ni nini, kama si kamba? Wallahi serikali inatusikiliza kwa kamba hizo. Wanazuia sauti za waliopotea, wanaziweka akiba. Siku ya kura zitapiga kura zote, nyie mmelala!

— Ndiyo maana tunawataka walio hai wajiandikishe! — Ernesti alidakia. — Umeisaidia hoja yangu.

Zebedayo hakucheka.

— Jumatatu nilichelewa. Nilikuwa bado njiani, nikamsikia nyapara anaita "Zebedayo!" Kabla sijafungua mdomo, mtu akaitikia. Kwa sauti yangu, Ernesti. Hata kikohozi changu alikuwa nacho.

Redio aliweka dele chini.

— Astaghfirullahi.

— Tangu siku ile nalinda kilichobaki. Jina langu simpi serikali, wala chama.

 Ernesti aliposema tena, hakuwa na sauti ya mkutanoni.

— Kule shambani jina lako ni la kuhesabiwa tu. Mimi nataka uitwe kama mtu, mbele ya watu, na ujulikane kuwa ni wewe. Ukilificha jina lako, utamwachia huyo.

— Na utasimama karibu yangu?

— Nitakushika mkono.

Zebedayo alimaliza kahawa yake, akafuta midomo.

— Basi twende. Lakini ni kwa ajili yako, si ya chama.

Walikuwa hawajainuka alipotokea Beatrisi, mama wa makamo aliyegawa kadi za chama Usagara, na kikapu mkononi.

— Shikamoo, mama, — walisema wote.

— Marahaba, wanangu. Ajenda, leo umenifurahisha. Yule rafiki yako uliyesema ni mgumu amekuja asubuhi, peke yake. Zebedayo wa Muheza. Nimemwita mara moja tu, akaitikia. Nimempa kadi.

— Lakini Zebedayo ndiye huyu, mama, — alisema Redio.

Beatrisi alimtazama Zebedayo, uso, shati, viatu. Akatua kikapu polepole.

— Sura ni ile ile. Lakini yule nimemwacha Usagara sasa hivi, amekaa mbele kabisa anasubiri mkutano. Basi wewe ni nani, mwanangu?

Zebedayo alimgeukia rafiki yake.

— Mwambie, Ernesti.

Ernesti alimtazama usoni, kama anayemtafuta humo mtu anayemjua.

— Mwambie, ndugu yangu, — alisema Zebedayo.

 Ernesti alisogea kidogo kwenye benchi, mbali naye.