Penisimani Halafihi na Mlio wa Kisanduku

Mchungaji, wakubwa wa kijiji, ndugu na majirani, kwa niaba ya familia ninasimama mimi Sateki, mwana wa dada yake, kusoma historia ya mjomba wetu Penisimani Halafihi, na kama mnavyoona umeme umekatika tangu wimbo uliopita, kwa hiyo kompyuta iliyo hapo dirishani, ambayo kwayo binti yake Fusipala anatusikiliza kutoka Auckland, alikozuiwa na daktari kupanda ndege kwa kuwa siku zake za kujifungua zimekaribia, sasa inaishi kwa kisanduku cha betri cha baba yake, kile kinachoshika umeme unapokatika. Mlio wake huo wa mara moja moja si wa kutisha bado, ila mtanivumilia nikisoma kwa haraka kuliko msiba unavyotaka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji cha Kolonga, akafuatiwa na dada mmoja tu, mama yangu Kalolaine. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kolonga, akamaliza sekondari Nuku'alofa mwaka 1979, na mwaka 1982 akapelekwa ng'ambo, Suva, kusomea ufundi umeme, akarudi na cheti, masharubu na wasiwasi, masharubu akayanyoa baadaye.

Kuanzia 1984 hadi 2016 alikuwa katika shirika la simu akitunza betri za mitambo, na alipostaafu wasiwasi wake ukahamia majumbani kwetu. Ukinunua kompyuta tu, utamwona mlangoni anauliza inakula umeme kiasi gani, "usichague kisanduku kwa ukubwa wa boksi, jumlisha kwanza vitu utakavyochomeka, halafu uache nafasi, nani hujenga kitanda cha urefu wake kamili?", na akikuta umekifukia chini ya rundo la mikeka ya heshima atakugombeza kuwa kinakosa hewa mpaka chai ipoe. Betri alitaka ibadilishwe kila baada ya miaka mitatu, hata kama bado inaringa, na kila baada ya miezi michache uchomoe waya ukutani kusudi, jua likiwaka, uone kama kisanduku kinabeba mzigo, maana alisema betri isiyojaribiwa ni ahadi ya mlevi.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na Meliame, wakajaliwa Lisiate, tuliye naye hapa, na Fusipala. Mkewe amekuwa akisema, "Huyu sikio moja analala nalo, la pili analiacha kwenye kisanduku," na sisi wapwa, ambao kwa mila yetu tuna ruhusa ya kumtania mjomba hata leo, tulikuwa tunauigiza ule mlio nyuma ya nyumba ili tumwone akitoka mbio na taulo.

Mwaka 2017 mama yangu, akiwa mjane, alirudi kuishi katika nyumba hii, akiandika kwenye kompyuta mashairi ya ngoma ya kijiji, na kwa kuwa kwa mila yetu kaka hakanyagi chumbani kwa dada yake, mjomba alimnunulia kisanduku bila kuona kitakachochomekwa. Alisimama nje akauliza, "Dada, umechomeka nini?", naye kwa haya akajibu, "Vitu vyangu tu, kaka," na penye heshima hiyo hapaulizwi mara mbili. Kumbe kimoja ni pasi. Jumamosi akinyoosha nguo za ibada kisanduku kilipiga kelele kikazima, na beti za ngoma nzima zikapotea. Mama alilia ndani, mjomba akalia nje, kila mmoja akijidai hamsikii mwenzake. Jumatatu mjomba alitoboa ukuta, akapitisha waya, kisanduku akakiweka ukumbini upande wake, na hapo ndipo kilipo mpaka sasa, na mara nyingi tulimkuta amekaa chini pembeni yake, akisikiliza mama anavyoimba beti mpya.

Samahani, mlio umeongeza kasi. Nani amechomeka feni kwenye kile kisanduku? Ichomoe, ndugu yangu, mjomba angekutoa nduki. Ahsante.

Februari 2024 moyo wake ulianza kumsumbua, akalazwa mwezi wa Juni, na kila nilipokwenda alinituma, "Mwulize mama yako, kinalia?" Mama hakumficha, akasema, "Mwambie kaka kinalia, betri imechoka." Betri mpya ilifika Jumamosi jioni, lakini Jumapili hapa hata msumari haugongwi, hivyo niliifunga Jumatatu tarehe 8 Julai, mara yangu ya kwanza, yeye akinielekeza kwa simu kutoka kitandani, "Mweusi utoe kwanza, taratibu, mwekundu baadaye," na akaniapisha niiache ijae mpaka kesho, ndipo tuijaribu pamoja. Kesho yake alfajiri, Jumanne tarehe 9, mjomba alifariki dunia, na katika msiba huu hakuna aliyekumbuka kuijaribu. Jaribio lake ni leo, mbele yenu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba jiko la mawe la kuokea chakula ardhini tangu alfajiri, wenzake wa shirika la simu, na, Lisiate, zima kioo cha kompyuta, kioo ndicho mlafi, acha sauti na kile kidude cha intaneti. Hatutamwona dada yako, lakini yeye atatusikia. Mlio sasa haukatiki, baba yenu alinifundisha maana yake, betri inakaribia kuisha, basi nasema lililobaki. Fusipala, uko nasi?

Mmemsikia wenyewe, amesema, "Niko, Sateki. Malizia."

Mjomba, imebeba. Pumzika kwa amani, mlio tutausikiliza sisi.